Kitalu cha bibi njia ya kusini: nlikwenda kutafuta mawaridi nikarudi na mhina

Jamani tangu niitie kwenye grupu ile picha ya kichaka changu cha mbele ya baraza simu haipoi, kila mtu anauliza huo mti gani, umeununua wapi, bei gani, na wengine mnanitumia sauti za dakika nne saa tano za usiku, sasa naandika hapa mara moja tu na atakaeuliza tena ntamwambia kasome. Mti ni mhina. Ndio, mhina ule ule wa hina, ambao bibi zetu walikuwa nao uwani na sisi tukaja tukaukata tukajenga choo. Nimeununua kwenye kitalu cha bibi mmoja njia ya kusini hapa Unguja, ukitoka mjini ukishaipita Tunguu na kabla hujafika msitu wa Jozani, mkono wa kushoto, hakina bango wala hakina jina, utaona madumu ya mafuta yaliyokatwa yamepangwa chini ya mwembe na mtumbwi mbovu umejaa mirehani. Ukiyaona madumu simama.

Kwanza niseme nakaa wapi maana bila ya hilo rivyu hii haitomfaa mtu. Nyumba yetu iko Jambiani lakini sio ya pwani kwenye mchanga, pesa hiyo hatuna, sisi tuko juu, ng'ambo ya barabara ya lami, kwenye maweni. Anaeyajua maweni anajua, asieyajua afikirie mwamba wa bahari uliokuja juu zamani hizo ukaachwa na maji, jiwe tupu la matumbawe, lina matundu kama sponji na ncha kama mbuzi ya kukunia nazi, ukianguka huinuki na goti zima. Udongo upo, lakini upo kwenye vishimo, hapa konzi moja, pale vikonzi viwili, mwekundu mzuri lakini ndo huo huo. Mvua ikinyesha maji hayasimami hata ukayaona, yanazama moja kwa moja, na ndo maana upande wetu huu hukuti mto unaopita juu, maji yote yako chini kwenye mapango kama lile la Kuza, na kisima ukichimba karibu na bahari unachota maji yenye chumvi. Halafu ongeza kusi. Kusi ikianza, kuanzia hapo mwezi wa nne wa tano mpaka kwenye wa tisa, upepo unatoka baharini moja kwa moja unakuja kutupiga sie, na unakuja na chumvi yake, madirisha ya vioo nikiyafuta asubuhi jioni yameshaingia ukungu.

Sasa mie na akili zangu zote hizo, mwaka juzi nikaenda duka moja la maua mjini (silitaji, wenyewe wanajijua) nikanunua mawaridi 12, kila moja 15,000, hesabu mwenyewe. Yule kijana hakuniuliza hata suali moja. Alinambia tia maji asubuhi na jioni. Nikatia, ya kisima, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, na kumbe ndo namtilia mgonjwa sumu, waridi halitaki chumvi kabisa, majani yakaanza kuungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, halafu yakapukutika, na mawili yaliyobakia na roho wakaja mbuzi wa jirani wakamaliza kazi. Miezi miwili. 180,000. Mume wangu mpaka leo akipita pale anasema "hapa ndipo lilipozikwa friji letu", maana pesa ile ilikuwa ya friji.

Ndo maana nlipofika kwa bibi siku ile nlikuwa nishajiandaa kununua tena mawaridi, sijakoma. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya miche, nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, wataka nini. Nikamwambia nataka mawaridi yale mekundu. Hakunijibu. Akaendelea kujaza udongo wake.

"Nyumba yako iko wapi?"

"Jambiani, bibi."

"Jambiani ya mchanga au ya maweni?"

"Ya maweni."

"Na maji unatia ya mfereji au ya kisima?"

"Ya kisima, mfereji wetu unatoka ukijisikia."

"Hayo ya kisima ukiyaonja yana chumvi?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kunywa au kidogo ya kutema?"

Nikacheka, nikamwambia ya kutema. Akasema mawaridi sikuuzii. Hivyo hivyo. Na mawaridi anayo, nayaona pale nyuma yake yamefungua, mazuri, wallahi nlitaka kuondoka kwa hasira, nani kakwambia mfanyabiashara anamchagulia mteja? Lakini nikasimama kwa kuwa jua lilikuwa kali na pale chini ya mwembe pana baridi nzuri.

Akaniuliza udongo wangu wa aina gani nikamwambia udongo tu. Hapo ndo alipoacha kazi yake. Udongo tu! Akanikalisha akanipa darasa, na kusema kweli mie niliesoma mpaka fomu foo sijawahi kufundishwa mambo haya skuli. Kasema kuna kichanga, huu wa mchangamchanga, maji yanapita upesi, minazi inaupenda. Kuna kinamo, wa mabondeni kwenye mpunga, ukikanyaga mvua ikinyesha unakuvua kiatu. Kuna kinongo, mwekundu ulioshiba, unaukuta penye mawemawe lakini una kina, huo ndo wa kugombaniwa. Na kuna uwanda, ambao ndo wangu mie, udongo kiasi cha kufunika kiganja juu ya jiwe. Mtu wa uwanda, kasema, hanunui mti kwa sura ya ua, ananunua kwa mizizi. Halafu akainuka akaniletea mhina.

Nakwambieni nlivunjika moyo. Mche wenyewe kama ufito, urefu hata haufiki kwenye goti, majani madogomadogo, hauna ua hata moja, na mie kichwani nina mawaridi. Bei 3,000. Nikachukua mitano kwa sababu ya bei na kwa sababu nlimuonea haya bibi wa watu alienisomesha nusu saa nzima.

Kwa upande wa bidhaa yenyewe sasa. Miche yake anaotesha kwa vipandikizi, anakata tawi lililokomaa unene wa penseli na anasubiri lishike vizuri ndo anauza, nikamuuliza kwa nini sio mbegu akasema mbegu za mhina zina ukaidi, inabidi uziroweke siku nyingi na maji ubadilishe kila siku, na zikishaota ni vitu vya kulea kama yai, kipandikizi kinakwenda upesi. Nlipokifungua kiriba nyumbani mizizi ilikuwa imetulia, haijajizungusha chini kama ile ya miche iliyokaa dukani mwaka mzima, ukimuuliza fundi yoyote wa bustani atakwambia hilo ndo la kuangalia, sio majani. Akanambia nisipande mpaka masika yakaribie, nikae nayo kivulini wiki tatu, nikakaa nayo. Akanambia nisitafute pahala penye udongo, nitafute pahala penye ufa, nipige mtaimbo kwenye ufa ule mpaka uingie mkono hadi kwenye kiwiko, nijaze samadi iliyokauka na udongo wangu mwenyewe, nisilete udongo wa kununua. Kijana aliekuja kunisaidia na mtaimbo alinambia dada hapa unapanda mti au unachimba kaburi la paka. Tukapanda. Mvua ya kwanza ya masika ikatukuta siku ya nne.

Mwezi wa kwanza haukufanya kitu. Wa pili haukufanya kitu. Nlimtumia bibi ujumbe kwa simu ya mjukuu wake, akajibu kwa sauti: "mwanangu mti unashughulika chini, uache". Kusi ikaingia na mti ukasimama, majani ya upande wa bahari yakaungua kidogo kwenye ncha, basi, hakuna zaidi. Ilipokuja vuli ukaanza kukimbia. Sasa una mwaka na miezi kama miwili hivi, mitatu kati ya mitano imenifika kwenye bega, na mwezi wa pili, katikati ya kaskazi, joto lile la kulala nje, kisima kimeshuka, ukoka wa jirani alieweka wa kununua umekuwa rangi ya mkeka mkuukuu, ndo mhina ukaamua kufungua maua.

Maua yake ukiyaangalia kwa mbali hayana mpango, madogo mno, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, yamekaa kwa mashada kwenye ncha za matawi. Yasogelee. Kila kiua kina majani manne yaliyokunjanakunjana kama kitambaa kilichotoka kufuliwa na katikati vijiti vinane vimesimama viwiliviwili. Na harufu jamani. Sio kama asumini inayokuvamia, na sio kama langilangi inayotia kichwa, hii inakuja inapita, unageuka kuuliza nani kapita hapa, inazidi jioni ukishaswali magharibi na upepo umetulia. Nyuki nao wakajua. Mie sasa siku za wageni nakata vishada viwili vitatu natia kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani, na shoga yangu alieolewa mjini kaja kaninusa shingoni kaniuliza manukato gani haya. 3,000 nikamwambia.

Kijana wangu anasoma mambo ya mimea chuo, nae akaja na ya kwake, kasema mhina ukoo wake mmoja na mkomamanga, na pia ukoo mmoja na mlilana, ule mkoko unaosimama mbele kabisa kwenye maji ya chumvi. Nikasema basi ndo maana, kuvumilia chumvi ni damu. Akasema sio lazima iwe hivyo mama. Wasomi bwana. Lakini kingine alichonambia kilinichekesha, jina la kitaalamu la mhina ni Lawsonia inermis, na hilo inermis kwa Kilatini maana yake asie na silaha, yaani hauna miba. Aje aguse wangu! Matawi machanga ni kweli hayana kitu, lakini yakizeeka vitawi vya pembeni vinachongoka ncha, vinakuwa miba kabisa, mbuzi wa jirani alijua kabla yangu. Sijamuona tena. Kwa hivyo anaetaka ua la kuzuia mbuzi na lenye maua juu yake, hili hapa, na kadri unavyoukata ndo unavyochanua matawi na kuwa mnene.

Sasa hapa lazima niseme kitu maana kwenye grupu kuna mtu kaandika "tupande miti yetu ya asili kama mhina" na watu wakapiga makofi. Mhina ni wetu kwa mazoea, sio kwa maweni. Bibi mwenyewe kanisahihisha: ingia kichakani huko, tembea kutwa, hukuti mhina uliojiotea, mhina unakaa na watu, unaukuta uwani. Kwao hasa ni nchi kavu, pembezoni mwa mito ya msimu, ile inayojaa siku tatu ikakauka miezi, huko bara ya Afrika Mashariki na Somalia na kuendelea mpaka Arabuni na India. Ndo maana shida zetu zote za maweni haziushughulishi, umeshazoea jua na kungoja mvua. Lakini ukitaka mwenyeji hasa, yule aliezaliwa juu ya jiwe hili, bibi kasema huna haja ya kununua kwangu, unae nyumbani na umemkata.

Hapo mie sikumfahamu. Akaniuliza mlipojenga mlisafisha kiwanja? Tukasafisha, watu wanne na mapanga, na moto. Kuna visiki vinachipua? Vinachipua kila siku, nachoka kuvikata, vina majani magumu ya kijani kibichi yanang'aa. Akapiga kofi. Huo mdaa mwanangu! Wewe unakata mdaa unakuja kununua waridi?

Nlirudi nyumbani nikamchukua mama mdogo, yeye analima mwani na usiku anasuka mikeka, nikamuonesha. Akacheka mpaka akakaa chini. Mdaa huu, kasema, ndo tuliokuwa tukichimba mizizi yake tukachemsha pamoja na ukindu, ukindu ukatoka mweusi, kabla ya hizi rangi za unga za dukani, na mizizi hiyo hiyo tukipigia mswaki. Kwa hivyo nimekaa miaka mitatu nina kiwanja kinachotoa weusi wa mikeka na mie nnakichoma moto, na kwenye baraza napanda mti wa wekundu wa mikono. Mama mdogo akanichukua jioni moja nyuma ya nyumba kwenye kichaka ambacho bado hakijauzwa, na hii nawaambia kabisa, kama mna bustani kwenye maweni nendeni mkaangalie kichaka kwanza kabla ya kwenda duka lolote. Kule ndani ni dunia nyengine. Miti haiendi juu, mingi inakufika kichwani au inakupita kidogo, matawi yameshikamana kama watu kwenye daladala, na kila shina ukilifuata chini unakuta limeingia kwenye ufa, mzizi umelilalia jiwe kama nta iliyoyayuka ukashuka humo tundani kutafuta maji ambayo mie nayachota kwa ndoo. Majani karibu yote ni ya aina moja, magumu, mazito, yanang'aa, kama yamepakwa mafuta, chumvi ikija inateleza, na jua haliwezi kuyanyonya. Mdaa ulikuwa na maua, madogo meupe yameinamia chini kwenye vishada, una harufu ya asali hafifu, na mwengine pembeni yake ulikuwa na vitunda mviringo vingine vyekundu vingine vishakuwa vyeusi, kijana wangu kasema mdaa kuna dume na jike, dume halizai, basi. Ndege walikuwa wanagombana juu yake. Chini kuna majani yaliyooza kiasi cha vidole viwili, meusi, laini, nikauliza udongo huu umetoka wapi, mama mdogo akanambia umetoka kwenye hayo majani, kwani wewe unafikiri nani anauleta. Mie kule kwangu nlifagia yote nikachoma ili pawe safi.

Na kichaka hicho kinakwisha tunaona kwa macho. Kuni, makaa, matanuri ya chokaa yanayokula magogo siku mbili tatu mfululizo, halafu viwanja, hoteli, na sie wenyewe na nyumba zetu. Zamani mtu alikata akalima akahama, kisiki kikabaki, kikachipua, miaka ikipita kichaka kikarudi, sasa kisiki hakiachwi, kinang'olewa na greda pamoja na jiwe lake. Sie wa kusini tunajisifu tuna kima punju, yule kima mwekundu wetu, watalii wanakuja mpaka Jozani kumuona, na kima punju huyo hakai msituni tu, anatoka mpaka kwenye vichaka hivi hivi vya maweni na mashambani kwa watu, wale wa karibu na Jozani wanakula mpaka makaa kwa ajili ya majani ya miembe na mikungu (ile miti ya kungu) yanayowasumbua tumboni. Huyo ale wapi kichaka kikiisha, kwenye gadeni ya mawaridi?

Basi, nirudi kwenye kitalu maana bibi atasema nimemuacha njiani.

Mlioniuliza kuhusu hina yenyewe, nimejaribu. Majani ya mhina wangu niliyachuma asubuhi, mengine nikayasaga mabichi kwenye kinu na ndimu, mengine nikayaanika kivulini, sio juani, bibi kasema juani yanapoteza nguvu, siku nne yakawa yanavunjika nikayatwanga nikayachekecha kwenye kitambaa. Nlipaka mkono mmoja ya kwangu na mkono mwengine ile ya pakiti inayotoka India. Usiku mzima. Asubuhi zote mbili rangi ya chungwa, nikasema haya, kesho yake zikaanza kuiva, siku ya pili ya kwangu ikawa nyekundu ya kuelekea kahawia, imetulia, na ya pakiti ilikuwa imekolea zaidi kwa kweli, sitosema uongo, lakini ya kwangu ilikaa sawasawa na ile na harufu yake ni ya jani, ya pakiti ilikuwa na harufu ya sijui nini. Kama unataka maua membamba ya arusi pakiti inachujika vizuri zaidi, ya kutwanga nyumbani ina chembechembe zinaziba koni. Kwa kujaza kiganja na nyayo ya nyumbani inatosha na inazidi.

Na kwa kuwa tumefika hapo, hina haiwi nyeusi. Nasema tena haiwi nyeusi. Kitu cheusi kinachoshika nusu saa kwenye ngozi ni piko, na piko nyingi ni dawa ya kupakia nywele yenye ile kemikali ya PPD. Mtoto wangu wa kike alipakwa kwenye arusi moja na mtu ambae hata alichochanganya hakujua, wiki moja baadae ua lote la mkononi limepanda malengelenge, mpaka leo alama ipo, kama limechorwa kwa pasi. Na watoto wachanga musiwapake hata hiyo hina halisi kwa mapambo, kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu, na wenyewe hamjui, hina inaweza ikawavunja damu, muulizeni daktari wenu.

Malalamiko sasa, maana sio kila kitu sukari. Moja, delivari. Bibi mwenyewe hana gari, ana kijana wa kirikuu, na kijana huyo kanichaji 25,000 kunipelekea miche ya 15,000, tena aliniambia 15,000 tulipopatana, tulipofika kwenye jiwe akasema njia mbaya nimuongeze kumi. Kwa miche mitano ingia nayo daladala tu, makonda wa njia yetu washazoea, wamebeba mbuzi sembuse mhina. Pili, mitano niliyonunua mmoja ulikufa, na mwengine umebaki kama ulivyokuja, hautaki kukua, nikamwambia bibi akanambia huo umekutana na jiwe lisilo na ufa, uhamishe. Hakunirudishia pesa lakini alinipa mwengine bure nlipokwenda mara ya pili, na mkungu wa ndizi juu yake, sasa hapo utamlaumu vipi. Tatu, asumini nliyonunua siku hiyo ya pili ilikuwa na vidung'ata, ule unga mweupe chini ya majani, sikuangalia, ni kosa langu nusu na lake nusu, nimeipiga maji ya sabuni wiki tatu ndo ikapona. Geuzeni majani kabla ya kulipa. Nne, hakuna risiti, hakuna namba inayopokelewa, mjukuu akiwa skuli simu iko skuli. Na tano, sijui kama hili ni lalamiko, hutoki pale kwa dakika kumi. Mie mara ya kwanza nlikaa saa mbili na robo. Ukiwa na haraka zako za mjini nenda kule kwengine, wanakuuzia bila ya kukuuliza kitu.

Anafungua asubuhi mpaka adhuhuri, halafu anarudi baada ya laasiri mpaka jua linakaribia kuzama, Ijumaa asubuhi usiende. Beba kopo la udongo wako na chupa ya maji yako ya kisima, sio masihara, atayaonja. Mhina bado 3,000, mrehani 1,000, asumini 5,000, na mdaa hauzi, nimemuuliza kwa nini hauoteshi watu wa hoteli wakanunua maana wana pesa, kasema wataununua vipi na wenyewe ndo wanalipa watu waukate. Kwangu mie visiki vyangu sita sasa nimeviacha, vimenifika kiunoni, nimevikata kidogo pembeni vimekaa mviringo, na mama mdogo ameshaulizia mizizi, nimemwambia angoje.

Bibi nyota tano. Kitalu kwa jumla nne, na ile ya tano ntaitoa siku kijana wa kirikuu akinirudishia elfu kumi yangu.